Mchanga Chini ya Keki

Mashamba ya mkonge yalikuwa yameshataifishwa, na watu wa Ngombezi wamezoea kuitana ndugu, Mashavu alipoanza kuoka keki za sherehe za watoto. Oveni hakuwa nayo. Alitandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, akaweka juu yake sufuria ndogo yenye mchanganyiko wa keki, akafunika, kisha akapanga makaa chini na juu ya mfuniko. Maua ya choya yalimpa rangi nyekundu, manjano ikampa ya dhahabu, na maji ya mchicha yakampa kijani.

Wiki ile mto ulifurika, mchanga mpya wa kuokea aliozoea kuchota huko ukakosekana. Hajira wa Kilole alikuwa ameagiza keki ya mwanawe. Mashavu akaona fungu la mchanga safi pembeni mwa makaburi, limefunikwa kwa bati lisilowe. Akasema bismillahi, akajaza ndoo. Hakuuliza ni la nani.

Keki ilitoka imeumuka vizuri. Akaipaka ute wa yai uliopigwa na sukari, akaigawa rangi tatu. Alipogeuka kuosha mwiko, akakuta alama ya kidole kidogo kwenye wekundu.

"Fatu! Umelamba keki ya watu?"

"Si mimi, mama," binti yake akajibu kutoka mlangoni. "Ni huyu."

Hapakuwa na mtu. Lakini mkono wa kulia wa Fatu ulikuwa umenyooka pembeni, vidole vimekunjwa, kama wa mtoto aliyeshikwa na mwenzake. Mashavu akaugusa. Ulikuwa baridi kama maji ya mtungini, ilhali jua la adhuhuri lilichoma ua mzima. Akasawazisha ile alama kwa kisu. Alipoinua kisu, alama ilikuwepo.

Mwantumu, jirani yake, aliingia akicheka. "We Mashavu, keki hii ina rangi kuliko kanga za harusi!" Kisha akaiona ile ndoo, kicheko kikamkauka. "Mchanga huu umeutoa wapi?"

Mashavu akamwambia.

"Masikini weee! Ule ni mchanga wa Mhina. Aliubeba kwa kichwa, ainulie kaburi la mwanawe. Mvua ndiyo iliyomsimamisha."

Fatu akapiga mwayo. "Mama, anasema twende naye kwao."

Mashavu hakungoja. Aliurudisha mchanga wa sufuriani kwenye ndoo, akaibeba, akamvuta binti yake kwa mkono wa kushoto, huku akisali njia nzima. Baridi ilikuwa imeshapanda hadi kwenye kiwiko. Walimkuta Mhina makaburini, ameinua bati, anatazama fungu lililopungua.

"Kaka Mhina, nisamehe. Mchanga wa mwanao niliuokea keki. Sasa amemshika binti yangu."

Mhina hakugomba. Alipiga magoti mbele ya Fatu. "Mkono upi, mwanangu?"

Fatu akautoa wa kulia. Mhina akauweka shavuni, akafumba macho. Akatulia hivyo muda mrefu, na midomo ya Fatu ikaanza kupauka.

"Kaka, mwachie," Mashavu alinong'ona.

"Kidogo tu, dada. Sikuwahi kumuaga. Nilikuwa zamu kiwandani."

"Huyu ni wangu, kaka. Ninaye huyu mmoja. Kwa jina la Mungu, mwachie."

Mhina akafumbua macho, akamtazama Fatu kama ndiyo kwanza anamwona. Akautua ule mkono taratibu. Akachukua ndoo, akamwaga mchanga juu ya kaburi, akausambaza kwa viganja hadi kingo zikakaa sawa, huku Mashavu akisoma dua kwa sauti inayokatika.

Vidole vya Fatu vikalegea. Mashavu akavikamata, joto lilikuwa linarudi, polepole, kutoka begani kushuka.

"Mama," Fatu akasema, machozi yakimlenga, "mbona ameniacha?"

Mashavu akambeba mgongoni, mkubwa vile alivyokuwa, akashika njia ya nyumbani bila kugeuka. Nyuma yao Mhina alikuwa bado amepiga magoti, akiongea kwa sauti ndogo, akinyamaza kidogo kila baada ya maneno, kama mtu anayejibiwa.