Sikio la Mama Dorica

Mwalimu Pierrette alikuwa na namna yake ya kufundisha selo, ile fidla kubwa inayobanwa katikati ya magoti. Mwezi wa kwanza mwanafunzi hakubonyeza uzi hata mmoja kwa kidole. Alivuta upinde tu, pumzi moja kwenda, pumzi moja kurudi, huku akiimba. Baadaye vidole vilipoanza kazi na sauti ikaharibika, Pierrette hakusema umekosea. Aliuliza, "Umesikia nini?" kisha akangoja, hata chai yake ikipoa.

Namna hiyo hakufundishwa na mtu. Aliipata kwa kugeuza kila alichofanyiwa. Huko Lubumbashi, tangu ana miaka tisa, alifundishwa na Maître Léopold, mpiga selo wa parokia, mtu aliyepiga vidole vya watoto kwa mti wa upinde. Miaka kumi Pierrette alicheza vizuri na kuogopa sana. Vita vilipomkuta Pweto akiwa mwalimu wa shule, alivuka mpaka na selo yake imefungwa ndani ya blanketi mbili, akafika Mantapala, kambi ya wakimbizi upande wa Zambia.

Mwanafunzi wake wa Alhamisi alikuwa Mama Dorica, Mzambia wa miaka hamsini na tatu aliyeleta kambini magunia ya chisense, dagaa wa ziwani, kutoka kwao Kashikishi. Akimaliza kuuza dagaa wake alinawa mikono kwa ndimu mara mbili, ndipo akaingia kanisa la kambi kwa somo. Selo ilimkumbusha marehemu mama yake, aliyeimba kwa sauti nene kuliko wanaume wa kwaya, na yeye alitaka kuipiga kanisani kwao angalau wimbo mmoja.

Alhamisi moja alikuwa katikati ya wimbo huo, na kidole kimeteleza, mtu aliposema kwa Kifaransa kutoka mlangoni, "Faux," yaani umekosea.

Pierrette aliijua sauti hiyo kabla ya kugeuka. Maître Léopold alikuwa amefika juzi na kundi jipya la wakimbizi. Amekonda, mvi tupu, anatembelea fimbo. Pierrette, mwanamke wa miaka thelathini na nane, alijikuta ameficha vidole vyake ndani ya kitenge.

Mzee alimsalimu kwa kichwa, akamwendea Dorica moja kwa moja. "Mugongo sawasawa. Kiwiko juu." Kiwiko kilipochelewa, akainua fimbo.

Dorica aliishika fimbo ile hewani, polepole, akailaza chini.

"Bashikulu," alisema, akimwita babu kwa heshima ya Kibemba, "huu mukono unauzisha samaki miaka makumi tatu. Hakuna mutu alishaupiga."

Pierrette akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Maître, hapa hatupigake mutu. Tunaulizaka."

"Munaulizaka nini?"

"Mama Dorica, ulisikia nini?"

Dorica alifikiri. "Ilikuwa chini kidogo. Kama mutu anaitika na hapendi." Akasogeza kidole upana wa punje ya mchele, akavuta upinde. Sauti ikatoka safi, ikajaa mpaka kwenye mabati.

Mzee aliketi kwenye benchi. "Weye nilikufundisha miaka mbili mupaka kusikia ile sauti," alimwambia Pierrette.

"Nilisikia siku ya kwanza, Maître. Niliogopa kusema."

Mzee alitazama mikono yake. "Na miye njo vile nilifundishwa," alisema. "Sikujua kama kuko njia ingine." Hakuomba radhi, wala Pierrette hakungoja aombe. Alimpa chai, na Dorica akaendelea na wimbo wake.

Jumapili ya mavuno walipata ruhusa ya kutoka kambini siku mbili, wakapanda lori kwenda Kashikishi. Dorica alipiga wimbo mbele ya watu wake. Ubeti wa pili alipotea, akasimama, akasema kwa sauti, "Awe, hapana, si hapo," akautafuta mpaka akaupata, na kwaya ikamfuata kwa vigelegele. Maître Léopold aliimba sauti ya chini kwa Kibemba asichokijua. Baadaye Dorica akawalisha samaki mapale wa kuchoma mpaka mzee akafungua kifungo cha suruali.

Njiani kurudi, wakiwa juu ya magunia, mzee aliomba apewe mwanafunzi mmoja. Pierrette akamtajia Reine, mshona nguo, aliyekuwa akiomba nafasi tangu Pasaka.

"Lakini wiki ya kwanza usimurekebishe, Maître."

"Na wiki ya pili?"

"Ya pili pia."

"Utaniua, mutoto," alisema mzee. Kisha akauliza Reine anapatikana siku gani.