Barua Zilizonona

Jumanne saa nne asubuhi Kagwiria alikuwa akichagua mawe kwenye maharagwe, mlangoni pa hoteli yake ya chai mjini Isiolo, Kalicha alipofika kutoka posta na barua ya tatu. Ilikuwa bahasha ya serikali, rangi ya kaki, na ilikuwa na joto. Kalicha aliibana kwapani kama mtu anavyobana kuku asiyemwamini.

Huo ulikuwa mwaka wa nne wa vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini. Kalicha alikuwa na cheti cha darasa la saba na kibarua cha kumwagilia vitunguu huko Burat. Mama yake alikuwa ndani ya waya, kambini upande wa Sericho, pamoja na Waborana wenzake waliokusanywa na serikali ili shifta wakose wa kuwapa maziwa. Ngamia wao walipigwa risasi, shifta nao wakaendelea kunywa maziwa mahali pengine. Askari wa lango alikuwa amemwambia Kalicha waziwazi: ukipata kazi ya serikali, ukaniletea barua ya kuajiriwa, mama yako anatoka siku hiyo hiyo. Basi Kalicha akaomba ukarani katika ofisi moja yenye mlango wa kijani, kwa mwandiko uliosimama kama gwaride.

"Nisomee, mama," alimwambia Kagwiria. Kuisoma aliweza mwenyewe. Kuielewa ndiyo ilikuwa kazi, na kazi hiyo haina mshahara.

Kagwiria alijipangusa mikono. "Ombi lako limepokewa na linashughulikiwa. Ni kama ile ya pili."

"Ile ya pili ilisema linaendelea kushughulikiwa."

"Basi limeacha kuendelea."

"Au limefika."

"Limefika wapi, wewe? Ombi lina miguu?"

Mzee Erot, Mturkana wa Ngaremara anayejulikana kwa kusoma matumbo ya mbuzi, alikuwa kwenye kona na chai yake. Alinyoosha mkono, akaibonyeza bahasha kwa kidole, mbavuni.

"Hii ni nene kuliko maneno yake," alisema. "Ichinje."

Kalicha aliielekeza kibla, akataja jina la Mungu, akapitisha kisu penye gundi. Damu ilikuwa kidogo, ya rangi ya wino. Halafu matumbo yakatoka, marefu, yakifuka moshi, na Kagwiria akakimbilia sinia.

"Meza nimeipangusa sasa hivi," alilalamika.

Erot aliyasoma kama anavyosoma ya mbuzi, bila kuyainua, akiyageuza kwa kijiti.

"Hii ndiyo njia ya kwenda ofisini. Ni nzuri, imefagiwa. Hapa ndipo barua yako ililala, miezi minne ndani ya droo, ndiyo maana imenona. Mnyama asiyetembea hunona. Na hapa kuna kiti."

"Kitupu?"

"Kimekaliwa tangu mwezi wa pili. Aliyekikalia anakula mandazi."

"Na haya madoa meusi?"

Erot aliinama zaidi. "Ni majina. Thelathini na moja, yamefungwa kwa kamba moja, ya watu wa kwenu watupu. Hayatafunguliwa vita visipoisha. Vikiisha pia, aliyefunga atakuwa amesahau fundo."

Kalicha alifunika sinia kwa kitambaa, akaenda nayo mpaka mlango wa kijani. Karani aliitwa Marete. Alifunua kitambaa, akatazama, akapangusa makombo mdomoni.

"Nani amesoma?"

"Mzee Erot."

"Basi hakuna kosa."

"Niandikie hivyo. Niandikie hapana, nijue nimekataliwa, nikatafute kwingine."

"Barua ya hapana lazima itiwe sahihi na mkubwa, na mkubwa hajawahi kumkataa mtu. Ni mtu mzuri sana."

"Mama yangu yuko ndani ya waya."

"Ndugu yangu, hata hiyo imo," Marete alisema, akionyesha kwa kalamu. "Hapa kwenye utumbo mwembamba. Tunajua."

Akamrudishia sinia kwa mikono miwili, kwa heshima.

Mwezi huo watu wengi wa Isiolo walichinja barua zao. Ofisi ikabandika tangazo: barua zote zichinjiwe nje ya ua, na ngozi zirudishwe kwa ajili ya faili. Watu wakatii. Matumbo ya barua ya Kalicha yalikatwa vipande vidogo, yakakaangwa kwa mafuta yao wenyewe mpaka yakakauka yakawa nyirinyiri. Akayatia kwenye mkebe, akapanda lori la mahindi lililosindikizwa na wanajeshi, siku mbili kwenda Sericho.

Mama yake alikula amesimama, waya ukiwa kati yao.

"Wanasemaje?"

"Nafasi haipo, Aayo. Ilikuwa haipo tangu mwanzo."

Mama alitafuna taratibu. Nyama hakuwa ameionja tangu siku ya ngamia.

"Ina gundi kidogo," alisema. "Lakini mafuta yapo. Kwani uliomba kazi gani?"

"Ukarani."

"Ndiyo maana kanyama ni kadogo hivi. Wewe nawe, mtoto wa kuomba vidogo! Omba ukuu wa wilaya."

Kalicha aliandika pale pale, akichuchumaa. Jibu lilichukua miezi mitano. Lilikuja na pembe, na watu wawili wa posta walilisukuma kutoka nyuma. Ombi lake lilikuwa likishughulikiwa. Alilipakia kwenye lori la mahindi, akalichinja mbele ya lango la Sericho, na askari akapima pembe kwa rula, akazihifadhi, akasema nyama inaruhusiwa kuingia.

Walikula watu arobaini, mama yake akiwemo, upande wa ndani. Saa kumi na mbili lango likafungwa kama kawaida.