Nyanya Zilizokataa Friji

Mama Bujiku aling'oa tumbaku yote shambani kwake Ushetu akapanda nyanya, na shemeji zake wakamcheka mpaka wakachoka. Sasa, jikoni kwenye kambi moja ya wachimbaji huko Geita, mzee Pantaleo wa stoo, mwenye mvi zake na anayependa kila apitaye ampe shikamoo, alikuwa anamrudishia nyanya kwa mara ya tatu. Zina madoa, zimelegea, nyingine zimegoma kuiva.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mzigo mwingine kama huu, na tenda yako ya kutuletea nyanya imekwisha."

"Kwani unaziweka wapi?"

"Kwenye chumba cha baridi, pamoja na nyama. Kila kinachopita geti kinaingia baridi. Ndiyo utaratibu."

Loo, utaratibu! Mama Bujiku aliingiwa na hofu, maana tenda ikikatika ni kurudi kwenye tumbaku na vicheko. Lakini nyanya hizohizo, alizobakiza nyumbani juu ya majani makavu, zilikuwa zimeiva vizuri kabisa. Akafungua matenga mawili mapya aliyoleta siku hiyo: moja la nyanya za duara, jingine la zile ndefu za ngozi ngumu, zote zimechumwa bado za kijani ili zihimili safari. Akazitia zote alama ya mkaa, zisichanganywe na nyingine.

"Nusu ya kila aina tia kwenye baridi lako, nusu acha hapa rafuni. Siku ya sita zitoe. Siku ya nane nakuja. Zikiharibika zote, najiondoa mwenyewe."

Pantaleo alicheka, ila alifanya alivyoambiwa. Mbishi yule, lakini si mwongo.

Siku ya nane wapishi walijazana. Za duara zilizotoka kwenye baridi zilikuwa na mabaka yaliyobonyea, na ukikata ni maji matupu. Zile ndefu zilijitahidi kidogo, lakini zilipauka na hazikuwa na ladha. Za rafuni sasa! Nyekundu, zote, za duara na ndefu. Pantaleo akakata moja, akanyunyiza chumvi, akala. Akakata nyingine.

"Sema basi, baba, au mdomo umejaa?"

Mzee akameza. "Kumbe mharibifu ni mimi." Akaingia kwenye chumba cha baridi, akatoka amebeba mwenyewe tenga la nyanya nyingine zilizokuwa bado humo, akaliweka chini ya rafu. "Tenda ni yako. Na rafu hii ni yako."

Kisha, mbele ya wapishi wote, akainamisha mvi zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba!" Mama Bujiku aliitikia kwa sauti ya kuwafikia shemeji zake kule Ushetu.