Jibu la Mwezi wa Tano

Elkana alikuwa amestaafu kazi ya kuendesha winchi bandarini, na tangu mkewe afariki aliishi peke yake katika chumba cha kupanga Changamwe. Mwaka jana alitapika damu hadi akazirai. Hospitalini wakampitisha mpira wenye kamera kooni, wakakuta mishipa ya tumboni imevimba na mmoja umepasuka. Daktari akamweleza kwamba ni kichocho alichokipata utotoni, akiogelea ziwani kwao Mbita, ndicho kilichomla ini polepole. Majirani walikwisha kuamua ni pombe, naye hakuwahi hata kuionja.

Hospitali ilikuwa ikilinganisha sindano mbili za kuziba mishipa ile: gundi inayoganda papo hapo, na dawa ya zamani inayoukausha mshipa taratibu. Nani apate ipi, iliamuliwa kwa kura. Elkana akaangukia dawa ya zamani. Angepigiwa simu kila mwezi kwa mwaka mzima, na akitoka damu tena, angetolewa kwenye utafiti akatibiwe kliniki ya kawaida.

Aliyepiga alikuwa muuguzi Nyamvula, binti wa mtaa wa Bofu. Maswali yake yalikuwa manne tu, lakini alitanguliza shikamoo, akauliza baba amelalaje na amekula nini. Wanawe wenyewe, Nicanor na Rosalia, walituma ujumbe sikukuu kwa sikukuu. Kufikia mwezi wa tatu, Elkana alikuwa akinyoa ndevu kabla ya simu ile.

Mwezi wa tano, siku moja kabla ya simu, choo chake kikatoka cheusi kama lami. Alijua maana yake. Nyamvula alipouliza, akajibu kwamba hakuna kitu, yu salama, kisha wakazungumza habari za mvua.

Siku mbili alishinda kitandani, kichwa kikimzunguka. Kufa hakukumtisha sana. Kilichomkosesha raha ni kwamba pengine kuna mtu angedungwa dawa ile kwa sababu yeye alisema inafaa. Siku ya tatu akapiga simu mwenyewe.

"Sista, nilikudanganya. Damu ilikuwa imerudi."

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Ningekuambia, usingenipigia tena."

Nyamvula akamwambia asitoke alipo, gari linakuja.

Safari hii walimdunga gundi, na damu ikasimama. Kesho yake Nyamvula alikuja wodini na faili, akamwonyesha alivyolikata kwa mstari lile jibu la kwanza na kuandika la pili kando yake. Alimshukuru kwa utaratibu. Hakumficha kitu: kuanzia sasa yeye ni mgonjwa wa kliniki, na simu za kila mwezi zilikuwa za wale waliobaki kwenye utafiti.

"Mungu akuweke, baba," akasema, akashika mkono wake kidogo, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mchana akaletewa fomu ya kliniki iliyotaka jina la mtu wa karibu. Rosalia alikuwa Dubai. Nicanor hupokea simu akipenda. Elkana akamfikiria mwanamke wa mlango wa pili, ambaye kwa miaka mitatu alisalimiana naye wakianika nguo. Hakulijua jina lake. Akairudisha fomu ile nafasi ikiwa tupu, akasema ataijaza akishamwuliza mwenyewe.