Mnunuzi wa Pili

Kazi ya kuuza majina ya tovuti inataka uvumilivu, na uvumilivu wa huyu bwana ulikuwa wa kuazima. Aliyasajili majina kwa bei chee kabla wenye haja nayo hawajazinduka, kisha akakaa kuwasubiri waje kumbembeleza. Hawakuja. Mwaka mzima alimtegemea dada yake, fundi cherehani, mjane aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Majirani walisema anauza hewa. Dada aliwanyamazisha: "Mwacheni. Kazi za siku hizi hamzijui."

Ndipo akajitokeza mteja, na mteja mwenyewe balaa tupu. Alikuwa mzee mwenye duka la sare za wanafunzi, naye alilitaka jina "sarezashule" kwa tovuti ya duka lake. Kila ujumbe wake ulianza na "kwa nini". Kwa nini bei hiyo? Kwa nini alipie kitu kisichoshikika? Akipunguziwa, anataka apunguziwe tena. Akikubali jioni, asubuhi amekana. Mwuza majina akambandika jina la Kwa-Nini. Mwishowe, akiwa amechoka kukaliwa kooni, alivaa miwani ya mbao akaandika: "Mzee, kuna mnunuzi mwingine. Ni mama mshonaji wa sare. Analipa leo."

Alidhani amemkomesha. Kwa-Nini akajibu: "Nataka kuzungumza naye."

Hakuwa na pa kukimbilia ila kwa dada. Alimkuta kwenye cherehani karibu na dirisha, kola nyeupe zimerundikana kitandani, vifungo tele kwenye kopo la maziwa. Akamweleza harakaharaka, macho chini.

"Sasa mimi niseme nini?" dada akauliza. "Tovuti naijulia wapi?"

"Sema tu unalitaka hilo jina, dada. Nikiyakosa mauzo haya, mimi basi tena."

Dada akachomoa pini mdomoni. "Haya. Piga."

Simu ikawekwa spika. Dada akaamkia, mzee akaitikia, kisha akauliza swali lake lilelile: kwa nini analitaka hilo jina? Mwuza majina alijua dada atababaika. Hakubabaika. Huku akilainisha kola kwa kiganja, alisema ameshonea maduka ya watu miaka yote, wao wakibandika lebo zao juu ya kazi yake, na angependa walau mara moja mzazi amtafute yeye mwenyewe. Hakuwa anaigiza. Mdogo wake alisikia uso unamwaka. Majina alikuwa nayo chungu nzima, na hata siku moja hakuwahi kumwuliza dada kama angependa moja.

"Mama," mzee akasema, "huna ndugu wa kukusaidia kulilipia?"

Dada akamgeukia mdogo wake. "Ninaye mdogo wangu. Mtu mzuri sana. Ila naye bado anajitafuta."

"Basi mimi najitoa. Lichukue wewe, nitakulipia. Mimi pia nilianza kwa kushonea watu."

Dada akashtuka, machozi yakamlengalenga. "Hapana, mzee, usitume kitu. Nimekudanganya. Silinunui."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo mwenye kosa alipotakiwa kusema. Simu ilikuwa mkononi mwake mwenyewe. Akainamia kopo la vifungo.

"Nilimdanganya huyo kijana kwamba nanunua," dada akasema. "Nilikuwa natafuta huruma ya watu. Yeye hana kosa."

Mzee akamshushua: mtu mzima ovyo, tapeli, hana haya. Dada akayapokea yote. "Ndiyo, mzee. Nisamehe, mzee." Mpaka simu ikakatwa.

Kisha ujumbe ukaingia: "Pole kijana, yule mama alitaka kutuingiza mjini sote wawili. Jiepushe naye. Bei yako nimeikubali, sibishi tena."

"Kasemaje?" dada akauliza.

"Amekubali. Bei yote."

"Si unaona!" Dada akapiga makofi, uso umemchanua kwa furaha ya kweli. "Mjibu upesi, asije akabadili."

Ukweli ulikuwa mfupi, ungetosha kwenye mstari mmoja: ni dada yangu, na uongo ni wangu. Aliuandika. Akauangalia, akaona jinsi bei yote itakavyopeperuka, akaufuta. Aliona aibu wakati anaufuta, na bado akaufuta. Akaandika mwingine: "Asante, mzee. Nitajiepusha naye." Akautuma.

"Umemwandikia nini?" dada akauliza, akiinama kutazama.

"Nimemshukuru tu," akasema, akaigeuza simu kifudifudi juu ya zile kola.