Karakana ya Kutazamwa Chali

Daktari alisema maneno machache, na nesi akawa anayarudia kila alipoingia: mzee asiinue kichwa wala mabega mpaka mfupa wa mgongo ushike. Alale chali, basi. Mwambie hivyo mtu mwingine, atakushukuru kwa mapumziko. Mwambie baba yangu, seremala, mtu ambaye hata chai huinywa akiwa amesimama, umemchokoza.

"Naondoka hapa," aliniambia asubuhi ile, macho darini. "Wale mafundi wangu wataniharibia kazi. Hata gundi hawajui kuisubiri ikauke."

"Baba, ukiinuka hutatembea tena."

"Nani kasema? Yule daktari mtoto?"

Nilijua hatanii. Jana yake nesi alimkuta ameshika chuma cha kitanda, anajivuta. Nilipoambiwa, moyo ulinilipuka. Mimi mwenyewe si mtulivu, nimerithi kwake, na nikiogopa mikono yangu hutafuta kazi. Kazi yangu ni kuhariri video. Nikasema moyoni, kama baba hawezi kwenda karakanani, basi karakana itamfuata kitandani.

Niliazima kamera ya pande zote, ile yenye lenzi mbili zilizopeana mgongo, nikaisimamisha kwenye stendi yake karibu na meza ya baba. Kamera ya namna hiyo haina nyuma. Simama utakaposimama, inakuona. Nikawaambia mafundi wafanye kazi kama kawaida, kisha nikatoka nikajibanza nje ukutani kama mwizi. Fundi mkubwa, aliyefanya kazi na baba tangu mimi sijazaliwa, alichungulia mlangoni.

"Nikikohoa itaharibika?"

"Kohoa tu, mjomba. Baba akikosa kikohozi chako atajua nimemdanganya."

Nyumbani nikafungua mradi mpya. Hapa ndipo wengi huchemsha. Programu usipoiambia mapema kwamba video ni ya duara, inaitandaza kama ramani, na watu wanavutika vichwa kama unga uliosukumwa. Nikaiambia. Nikaweka upana mara mbili ya kimo, nikaziunganisha picha za lenzi zile mbili mpaka mshono ukapotelea kwenye rafu ya mbao. Nikachagua upande wa mbele, yaani pale mtazamaji anapoanzia kutazama, nikaweka meza ya baba. Halafu nikavaa miwani ya video, ile inayofunika macho na kukuonyesha kila upande unakogeuza kichwa, hapo hapo kitini, nikageuza shingo huku na huku. Safi kabisa. Nilijisifu kwa sauti, maana hakukuwa na mwingine wa kunisifu.

Mchana nikamvisha baba ile miwani.

"Unaona, Baba?"

"Naona mabati."

"Mabati gani?"

"Ya paa. Na utando wa buibui. Ndicho ulichokwenda kunipigia picha, mama?"

Ndipo nikaelewa. Mimi niliijaribu nimeketi. Yeye amelala chali. Macho yake yanatazama juu, na juu ya karakana kuna paa. Meza ilikuwa huko chini, upande wa miguu yake. Kabla sijafungua mdomo, akasikia randa ikipita kwenye mbao, akasikia na kikohozi cha fundi mkubwa, akainua kichwa ili aone. Bega moja likaachana na godoro.

"Baba!" Nilimkandamiza kifuani kwa mikono yote miwili. Nesi akaja mbio.

"Dada, unataka kumuua?"

Kitu nilichokitengeneza ili atulie ndicho kilichomwinua.

Nikakaa kwenye benchi la ukumbini, nikafungua kompyuta. Ilibidi niuinamishe ulimwengu mzima wa video robo ya mzunguko, meza ipande hadi mahali pa paa. Mara ya kwanza niliuinamisha upande usiofaa, ukaja ukuta wa nyuma na mafundi miguu juu. Nikarekebisha. Safari hii sikumwamini mtu aliyeketi: nikalala chali kwenye benchi, miwani usoni, viatu vinaning'inia.

"Na huyu amelazwa?" nilisikia mama mmoja akiuliza.

"Bado," mwenzake akajibu, "lakini hakawii."

Meza ilikuwa mbele yangu, imesimama sawasawa. Nikaamuru video itoke. Ule mstari wa kusubiri ulijikokota kama uliotumwa kunikomoa. Nikakaa, nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi, nikauangalia tena.

Baba alipovaa miwani mara ya pili, nesi alisimama kando, mkono begani pake.

"Haya," baba akasema. "Ndiyo meza yangu hii." Akatabasamu. Mabega hayakutikisika. Nikapumua.

Kisha akaanza kuwinda makosa, kama kawaida yake. "Mtazame huyo. Sasa hivi ataupasua huo ubao." Akangoja. "Hakuupasua." Baadaye kidogo akasema, "Mlango huo wataubeba gundi bado mbichi, utaona." Akawafuata kwa macho. "Wamengoja."

Akaitazama mpaka mwisho, akataka nimrudishie mwanzo, akaitazama tena. Alipovua miwani hakuwa na hasira hata chembe.

"Kumbe wanajua."

"Umewafundisha wewe, Baba."

"Ndiyo. Nimemaliza."

Nesi alifurahi. Mzee sasa ametulia, alisema. Na kweli alitulia. Kesho yake hakushika chuma cha kitanda, hakumsema daktari, hakuuliza ataruhusiwa lini. Uji ulipoletwa alisema baadaye, na baadaye haikufika. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku ile ya kwanza.

Nikatoka nje, nikampigia fundi mkubwa. "Mjomba, nakupa baba. Mwambie kitu kimeharibika. Chochote. Mwambie mnamhitaji." Nikarudi, nikafungua spika, nikamwekea simu karibu na sikio.

Lakini fundi mkubwa anampenda baba, na hakuwa na ubavu wa kumtia mgonjwa wasiwasi.

"Mzee wangu," akasema, "usijali hata kidogo. Huku kila kitu kinakwenda. Wewe lala tu."

"Asante," baba akasema. "Nalala."

Akafumba macho, mabega yote mawili yamegusa godoro, kama daktari alivyotaka. Nikamshika mkono nikautikisa.

"Baba, nigombeze," nikasema. "Nigombeze basi hata mimi."

Alikuwa anapumua tu; hakuinua hata kidole.