Tofali Lisiloonja Moto

"—na halikuvunjika! Wacuka, halikuvunjika, haki ya Mungu! Mzee mzima na viatu vyake vya Jumapili amesimama juu yake, na likatulia tu, tuli!"

Wacuka, aliyekuwa akiishi na Nasambu chumba kimoja pale mtaa wa Tuwan, aliacha kusukuma chapati. "Nani amesimama juu ya nini? Si uvue viatu kwanza, umeniletea matope yote ya Bungoma."

Nasambu hakuvua. Alikuwa mwaka wa pili wa masomo ya ujenzi chuoni hapo Kitale, na tangu Kiminini njiani alikuwa ameikalia hiyo habari kama mtu aliyekalia siafu.

Kwao Kabuchai, huko Bungoma, kanisa lilitaka kujenga darasa la watoto wa nasari. Tofali kule ni la kuchoma, ndivyo lilivyokuwa siku zote, na kuchoma kunataka kuni. Kuni zilizobaki karibu zilikuwa miti kumi na moja ya kukhu, nyanya yake Nabwile, aliyoipanda mwaka aliofiwa na mumewe. Kukhu hakukataa. Nani humnyima Mungu? Alifungua tu kamba yake ya kuanikia nguo iliyofungwa kwa miti miwili ya mbele, akaikunja, akaiweka chini ya kitanda.

Hiyo kamba ndiyo iliyomchoma Nasambu. Akasimama mbele ya kamati akasema kuna tofali la kufinya kwa mashine ya mkono, udongo na simiti kidogo, linakaa chini ya nailoni mpaka linakomaa, halionji moto hata siku moja. Chuo kingewaazima mashine. Kamati ikampa wiki tatu.

Fundi Hesbon, aliyechoma matofali ya nusu ya Kabuchai, alicheka mpaka machozi. "Dada, tofari ya udongo mbichi si ni ya nyigu kujenga nyumba?"

Na mwanzo kweli ulikuwa aibu. Nasambu aliomba watu walete udongo mzuri. Wakaleta mzuri! Mzee Jotham, mwenyekiti wa kanisa, alisukuma mkokoteni mwenyewe, umejaa ule mweusi wa shamba lake la mahindi, umeiva kwa samadi, maana kwa kanisa mtu hutoa kilicho bora. Nasambu aliuona, akajua haufai, maana samadi haishikani na simiti. Lakini utamwambiaje mzee mbele ya watu kwamba sadaka yake ni mbaya? Akaufinya hivyo hivyo. Baada ya wiki moja matofali yalipukutika mikononi kama mkate wa juzi, na Hesbon akaanza kunoa shoka.

Ndipo Nasambu akamwendea Jotham uani mwa kanisa, yeye na kukhu, akapiga magoti.

"Papa, mzee wangu, udongo wako ni mzuri sana. Ni wa kulisha watu. Lakini ukuta hauli. Mimi nataka udongo wenye njaa."

"Uko wapi huo?"

Akanyoosha mkono nyuma ya kanisa, kwenye lundo jekundu lililotolewa kwa shimo jipya la choo.

Jotham akageuka kulitazama lundo.

"Ati tumjengee Mungu na udongo ya choo?"

"Lakini papa, choo chenyewe hakijafunguliwa!"

Kukhu ndiye aliyeangua kicheko kwanza. Mzee naye akashindwa, akacheka, kisha akachukua sepetu.

Wiki mbili zilizobaki, kukhu alimwagilia matofali mapya mekundu kila asubuhi kama kitalu cha sukuma wiki. Na leo, baada ya ibada, Hesbon akataka mambo yaonekane. Tofali lake la kuchoma na lile jekundu yalikuwa yamelala kwa karai la maji tangu jana. Yakatolewa, kila moja likalazwa juu ya mawe mawili, katikati hewa tupu.

"Nani mzito hapa?" Hesbon akauliza.

"Udongo ulioharibika ulikuwa wangu," Jotham akasema. "Nitapanda mimi."

Akapanda la Hesbon. Kwaa! Vipande viwili. Akapanda la pili. Halikutikisika. Akaruka juu yake, mara moja, mara mbili, koti linapepea, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka ng'ombe wa jirani wakakata kamba.

"Na miti?" Wacuka akauliza. Chapati ilikuwa inaungua.

"Imepona yote kumi na moja! Wacuka, kukhu alienda nyumbani mbio, mbio na ile goti yake, akarudi na kamba, akaifunga kwa miti ile ile miwili. Tena akaanika leso yake ya kichwa, na haikuwa hata na maji!"

Nasambu akapangusa macho kwa mkono wa sweta.

"Na Hesbon je? Alinuna?"

"Hesbon!" Nasambu akaruka kitandani na viatu vyake vya matope. "Huyo alinifuata mpaka barabarani, kofia mkononi, ananiita mwalimu. Bana, kuna kitu aliniomba juu ya hiyo mashine... Hapana. Geuza chapati kwanza. Hiyo ya Hesbon nitakupa kesho tukienda darasani, na utembee polepole, maana ni ndefu."